Ruffin Alikuwa Anakufa Kila Asubuhi

Kila asubuhi Ruffin alikuwa amekufa.

Kila mchana alikuwa hai.

Sisemi mafumbo, ndugu zangu. Nilikuwa naona kwa macho yangu, kwenye simu yangu, nikiwa nimekaa kwenye meza yangu ya ukarani shuleni, hapa Kamina. Asubuhi ukurasa wake ulisema: "Ruffin alifariki njiani kwenda Malemba-Nkulu." Jua likifika utosini, sentensi ile haipo. Kesho yake asubuhi imerudi.

Lakini si hilo lililonifanya nishindwe kumeza chai.

Ni jina la aliyekuwa anafuta. Aliyekuwa anafuta kifo cha Ruffin alikuwa Ruffin.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkapotea.

Naitwa Augustine, na kwetu hilo ni jina la kike. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Kompyuta sikusomea popote. Nilijifunza mwenyewe kwa simu, polepole, nikikosea na kurudia. Ndivyo nilivyojua wiki ni nini: ni tovuti isiyo na mwandishi mmoja. Wasomaji wake ndio waandishi wake.

Nikafungua moja ya bure, nikaiita Wiki ya Kambi, kwa ajili yetu sisi watoto wa kambi ya reli. Babu zetu walitoka huku na huku, wengine Kasai, wengine Maniema, wengine kando ya Lualaba, treni ikawamwaga hapa. Kila mzee akifa anaondoka na nusu ya ukoo. Nikasema tuandike. Kila mtu ukurasa wake: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, anapenda nini.

Sasa, wiki ina ngazi zake. Msomaji anasoma tu. Mhariri anaandika na kufuta. Administrateur anaweza kufunga ukurasa wote usiguswe. Na juu kabisa yuko anayeitwa bureaucrate. Huyo ndiye anayegawa ngazi kwa wengine, na akitaka anawanyang'anya. Kila anachofanya mtu, jina lake linabaki kwenye historia ya ukurasa.

Nilieleza hayo yote kwenye sale, ukumbi wa parokia, baada ya ibada.

Mimi nilidhani nagawa kazi. Wenzangu walidhani nagawa vyeo.

"Bureaucrate ni nani?" aliuliza Papa Philémon, mshauri wa kwaya.

"Ni mimi, Papa, kwa sababu ndimi niliyeifungua."

Sale nzima ikacheka.

"Weye? Mutoto wa juzi, juu ya chef de gare? Augustine, mama, unatafuta laana?"

Basi cheo kikaenda kwa Papa Kanyinda, mkuu wa stesheni mstaafu, mtu ambaye simu yake huifunga ndani ya kitambaa kama hostia. Alisimama, akavua kofia, akatoa hotuba. "Hii kazi nitaifanya mupaka kaburi," akasema. Watu wakapiga makofi. Hakuwa amewahi hata kupiga picha kwa simu ile.

Philémon akawa administrateur. Mimi nikaachiwa cheo kama chake. Tulipofika kwenye ngazi ya msomaji, wote waliinamisha vichwa.

"Msomaji! Njo kusema minyi sina maana?"

Minyi ni mimi, na njo ni ndiyo, kwa Kiswahili cha huku. Tukawa na wiki ya machifu watupu, isiyo na raia.

Ni mmoja tu aliyeinua mkono kuomba kidogo. "Ya Augustine, minyi nipe ile ya kuandika tu. Vyeo nitaviweka wapi?"

Huyo ndiye Ruffin, aliyeniita Ya, dada mkubwa. Kijana wa pekee wa Mama Béatrice, baba yake marehemu, fundi wa mabehewa. Ndiye aliyezunguka kambi nzima akipiga picha za wazee na kuandika kurasa zao. Ukurasa wake mwenyewe aliuandika mwisho, mfupi, na mama yake akaongezea sentensi moja kwa nguvu: "Anapenda sombe ya mama yake."

Sombe ni kisamvu, kwa mnaoita hivyo. Ruffin aliitazama ile sentensi, akatabasamu, akaiacha.

Kisha akaenda upande wa Malemba-Nkulu kutafuta samaki wa kuuza. Simu yake kubwa aliiacha kwa mama, kwa kuogopa wanyang'anyi wa njiani. Akahamishia laini kwenye kasimu kadogo ka vibonye, akapanda lori.

Hakurudi.

Simu haikuita. Mwezi ukapita, miezi ikapita, mwaka ukapita. Mama Béatrice akawa hapati usingizi. Mlango wake wa mbele haufungi. Ukipita barabarani unamwona amekaa, uso nje.

Sasa turudi kwenye ule mzimu wangu.

Nilipoona jina la Ruffin kwenye historia ya ukurasa, watu wa kambi nao walikuwa wameshaliona. Ujumbe unaingia kama mvua: "Augustine, Ruffin iko ao haiko?" "Ni muzimu?" Mwingine akanishauri nimwite mchungaji aiombee tovuti.

Mimi si mtu wa kukimbilia kuhukumu. Nikachukua pikipiki mchana, nikaenda kwa Mama Béatrice.

Nilimkuta na simu kubwa ya Ruffin mkononi.

"Maman, ni wewe unayefuta?"

"Minyi sifute kitu." Hata hakushtuka. "Ninaondosha uchafu ku sura ya mutoto wangu. Jirani ananichajia na sola yake. Saa sita simu inajaa, njo ninaingia, ninamupangusa."

Simu ilikuwa bado imeingia kwa jina la mwanawe. Mzimu ukaishia hapo.

Aliyekuwa anaandika kifo kila asubuhi naye hakujificha. Alikuwa Philémon. Na Philémon ni baba mudogo wa Ruffin, mdogo wa marehemu baba yake.

Nikaenda kwake pia. Lazima usikie pande zote.

"Papa Philémon, nani alikuambia amekufa?"

"Muntu wa baiskeli, mwenye kubeba makaa. Alimuona. Bantu ba bunduki banamupeleka ku pori."

"Alimwona amekufa?"

"Alimuona anapelekwa. Kwa ile njia ni kitu kimoja." Akasugua macho. "Augustine, weye haulale karibu na ile nyumba. Minyi ninasikia shemeji anatembea, anatembea. Kilio hakisaidie mwenye kufa. Kinasaidia ule mwenye kubakia. Acha tulie, tumalize, alale."

Kilio ndiyo matanga, kwa mnaoyaita hivyo. Na sikuona ubaya usoni mwake. Niliona mtu aliyechoka kungoja.

Nilirudi nikiwa sina raha. Vita ikaendelea. Asubuhi amekufa, mchana yu hai, asubuhi amekufa. Watu walikuwa wanaamka wanafungua simu kabla ya kunawa uso.

Nikafanya kile nilichojifunza. Watu wakigombea ukurasa, msimamizi hachagui upande. Anaufunga kama alivyoukuta, mpaka wazungumze.

Nikabonyeza. Nikaufunga. Kengele ya shule ilikuwa inataka kulia, nilikuwa na haraka.

Ilikuwa asubuhi.

Mmeshaona? Asubuhi Ruffin huwa amekufa. Nilimfungia humo humo.

Ukurasa uliobaki umekufa siku moja, mbili, watu wanauamini. Kule Kabondo-Dianda kuna binamu wa familia ambaye hupanda juu ya kichuguu kutafuta réseau, mtandao wa simu. Akapanda, akasoma, akashuka analia. Ndugu wakaanza kusaga unga na kufunga samaki wakavu kwenye baiskeli. Philémon akatangaza: kilio ni Jumamosi.

Kwetu kilio kikishaliwa, mambo yanafungwa. Nguo zinagawanywa. Mama mjane asiye na mtoto anachukuliwa, anapelekwa kwa kaka zake kijijini. Mlango ule wa mbele ungefungwa, na mtu akitokea njiani asingekuta wa kumpokea.

Mama Béatrice akanijia shuleni, viatu vimejaa vumbi.

"Augustine, fungula."

"Maman, ni kanuni. Nimefunga kwa wote."

"Kwa bote? Na Philémon hawezi kuingia?"

Nikaangalia orodha ya ngazi. Philémon alikuwa administrateur. Ukurasa ukifungwa, ma-administrateur bado wanapita. Kufuli langu la haki lilikuwa limemzuia mtu mmoja tu, naye alikuwa amesimama mbele yangu.

"Njo vile," akasema taratibu. "Umefunga nyumba, mwenye nyumba uko inje."

"Nipe mpaka jioni, Maman. Nitafungua."

Kwa nini sikufungua palepale? Kwa heshima. Nilitaka kwanza kumwambia Philémon uso kwa uso, asije akasema nimemzunguka. Nikampitia. Alinisikiliza, akaitikia, "Sawa, mama, sawa." Kwa sauti laini mno.

Jioni, jua bado lipo, nikaingia kufungua ukurasa.

Simu ikaniandikia: "Huna ruhusa ya kufanya kitendo hiki."

Nikatoka, nikaingia tena. Ile ile. Nikaangalia ngazi yangu.

Msomaji.

Kwenye wiki yangu mwenyewe! Niliyoijenga kwa vidole hivi! Nilivaa kandambili zangu nikaenda kwa Papa Kanyinda, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa na uwezo huo.

Alikuwa barazani. Kitambaa chake kilikuwa mapajani, kimevimba kuliko kawaida.

"Papa, umeniondoa?"

"Philémon alikuya hapa," akasema. "Alisema umechoka, upumuzike kidogo. Njo alinionyesha pa kubonyeza. Na aliniletea hii, nichunge mupaka Jumamosi ipite." Akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na simu yake na simu ya Ruffin. Philémon alikuwa amemnyang'anya mama hata simu yake ya kumpangusia mwanawe.

Nikakaa chini. Nikamweleza yote, bila kupamba. Mtu wa baiskeli. Kufuli la asubuhi. Mlango ulio wazi.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Huyu mutu wa baiskeli aliona treni inatoka. Nani aliona inafika?"

"Treni gani, Papa?"

"Augustine, baba yako alikuwa wa reli, weye unashindwa kuelewa?" Akainua vidole viwili, akaviachanisha. "Hii stesheni, na hii. Treni imetoka hapa. Kule hawajaniita kusema imefika. Minyi ninaandika nini? Imefika? Uongo. Imeanguka? Uongo. Ninaandika imetoka, na ile laini haipiti kitu kingine mupaka kule baniite. Hata ikipita juma. Hata chef mukubwa akinitukana. Treni ikiwa katikati, laini ni yake."

"Na wao wanataka kupitisha kilio," nikasema.

"Ku laini ya mutoto mwenye hajafika bado." Akavaa miwani. "Nionyeshe pa kufungulia."

"Kwanza nirudishie ngazi yangu, Papa, mimi nitafungua."

"Cheo chako kitangoja. Laini kwanza."

Nikamwonyesha. Simu ikaleta maswali yake: nani aruhusiwe kuandika kwenye ukurasa huu? Ma-administrateur. Wahariri. Au wote.

Akasoma kwa kidole, herufi kwa herufi. "Hii bote ni banani?"

"Ni kila mtu, Papa. Hata asiye na jina kwenye wiki. Hata mpita njia huko mbali. Usichague hiyo, watatuharibia. Chagua wahariri."

"Ruffin iko wapi?"

"Hatujui."

"Basi ni kwa bote."

Akabonyeza.

Nilitaka kulia. Mwaka mzima nimelinda wiki ile isichezewe na wahuni, mzee kaiacha wazi kwa dunia nzima. Nikamwomba basi walau afute ile sentensi ya kifo. Akakataa. "Sijue kama alikufa, sijue kama iko. Minyi siguse." Na ngazi yangu akasahau kuirudisha.

Kesho yake ikawa Jumamosi.

Viti vya plastiki. Vyungu. Baiskeli za Kabondo-Dianda zimeegemezwa ukutani, samaki wananuka mtaa mzima. Wanawake wamefunga vitambaa, wamekaa chini, wanamtazama Mama Béatrice. Hakuna anayelia kabla ya mama.

Na mama alikuwa amekaa mbele ya mlango wake, anachekecha unga. Wageni ni wageni, alisema, watakula bukari, ugali wetu.

Philémon akapiga goti mbele yake. "Shemeji, ninakuomba. Lia. Bantu banangoja."

"Bangoje," akasema. "Kungoja hakuue. Minyi ninazoea."

Mtu akakohoa. Mtoto akaulizwa anachocheka.

Simu yangu ikatetemeka.

Msomaji haandiki, lakini anaweza kufuatilia. Ukurasa ukiguswa, anaambiwa. Nikaangalia.

Sentensi ya kifo ilikuwa imefutwa. Na mahali pa jina la aliyefuta, hapakuwa na jina. Mtu asiye na akaunti.

Nilisema kwa sauti kabla sijajizuia. "Imefutwa."

Philémon akasimama kama ameungua. "Maman Ruffin! Hata leo? Hata mbele ya bageni?"

Mama Béatrice akainua mikono yake. Myeupe, unga mpaka viwiko.

Papa Kanyinda akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua polepole, akaonyesha simu ya Ruffin kwa watu wote. Imezimika. "Iko ku minyi tangu siku ulinipatia, Philémon."

Macho yote yakanigeukia. "Basi ni Augustine!"

"Mimi?" Nikainua simu yangu juu waione. Na hapo ikatetemeka tena, mkononi, mbele ya kila mtu.

Sehemu nyingine ya ukurasa ilikuwa imebadilishwa. Nikasoma. Nikasoma tena. Sikuelewa.

"Soma kwa nguvu," akasema Papa Kanyinda.

"Ilikuwa imeandikwa: Anapenda sombe ya mama yake. Sasa imeandikwa..." Nikasogeza simu karibu na macho. "Imeandikwa: Hapendi sombe. Anapenda mboga ya lengalenga. Sombe alikuwa anampa Tigre chini ya meza."

Watu wakatazamana. Mtu mmoja akasema, "Ni bahuni ba internet."

Mama Béatrice alikuwa amesimama. Chekeche limeanguka, unga umemwagika miguuni.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Mujinga huyu," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Mujinga kabisa huyu! Nilimukamata siku moja ku jikoni, minyi na yeye na mbwa. Mbwa ananenepa, minyi ninajisifu ku bantu, mutoto wangu anakula vizuri! Nikamuapisha asimwambie muntu, juu ya aibu." Akageuka kwa wanawake. "Kuna muntu alijua? Hata baba mudogo alijua?"

Hakuna aliyejua.

"Basi ni yeye. Nani mwingine angethubutu kutukana sombe yangu?"

Kilio cha kwanza cha siku ile kilitoka kwa Philémon. Alikaa palepale kwenye vumbi, suruali ya kwaya, akalia kama mtoto, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kila ukurasa wa wiki una ukurasa wa majadiliano nyuma yake. Kanyinda akanirudishia ngazi, safari hii bila hotuba, naye akafungua majadiliano kwa wote pia. Nikaandika: "Ruffin, mama yako anauliza uko wapi." Tulingoja. Unga ukapikwa. Watu wakawa wanakula bila kujua kama ni kilio au ni sikukuu. Kisha jibu likaja, na namba ya simu ya kuazima.

Mama akaongea naye. Alichosema cha kwanza ni, "Unafika hapa, utakula sombe."

Ruffin alirudi juu ya lori la samaki, mwembamba, na mguu mmoja unaburuta. Wale watu wa bunduki walimbebesha mizigo porini, akatoroka, akaugua kwa wavuvi ng'ambo ya mto. Namba zote zilipotea na kasimu kale. Nani siku hizi anakariri namba? Neno la siri la akaunti yake lilikuwa limelala ndani ya simu iliyobaki nyumbani. Alichokumbuka ni jina la wiki tu.

Nilimuuliza, "Mbona hukuandika mapema?"

Akanitazama bila hasira.

"Ya Augustine, nilikuwa Malemba-Nkulu ile juma yote ya kilio. Kila siku niliazima simu ya muntu. Nilisoma kama nimekufa. Nikabonyeza kukataa. Ikaniambia: huna ruhusa."

Kufuli lile lilikuwa langu.

Zile ngazi tumezigawa upya. Papa Kanyinda bado ni bureaucrate, na sasa ni mimi ninayesimama kumpigia makofi. Philémon aliomba mwenyewe kuwa msomaji. Anasema ni cheo kizuri, unakaa unajua habari za watu.

Ukurasa wa Ruffin siufungi tena. Na vita haijaisha, ukiingia asubuhi utaona imeandikwa hapendi sombe. Ukirudi mchana, simu ya mama ikishajaa chaji, anaipenda.

Niliyojifunza ni haya, yachukue ukitaka. Ukipewa ufunguo, wa ofisi, wa nyumba, wa jambo lolote la watu, usiulize tu nani yumo ndani anayeharibu. Kabla hujafunga, toka nje kwanza uangalie njia. Huenda kuna mtu bado anakuja.